Seva Chini ya Meza

Paa la shule lilipong'olewa na upepo, mwalimu mkuu aliamua masomo yaendelee mtandaoni. Programu ya kufundishia ilipatikana ya bure, tena ya huria: yeyote aliruhusiwa kuichungulia ndani na kuirekebisha apendavyo. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka. Nyumba yenye mtandao wa uhakika ilikuwa moja tu, ya mwalimu wa Jiografia. Mumewe, aliyeitwa Bwana Nyaya, alikuwa fundi wa simu, na nyaya alizitandaza mpaka bafuni. Bwana Nyaya alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Mtandao wake haukuwa na habari hiyo.

Aliyekuja kufunga seva, mashine ya kuendeshea programu hiyo, ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Aliiweka kompyuta ya shule chini ya meza ya sebuleni, akafuta kila kilichokuwamo, maana programu ile ilitaka mashine nzima iwe yake. Akaipa anwani, akafungua njia za sauti na picha, kisha akamtuma mwenye nyumba chumbani akajaribu. Mama wa watu alisema "haloo" kwenye maikrofoni, na seva ikamrudishia "haloo" yake.

"Umesikia?" shemeji aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimejisikia."

"Basi imekubali."

Tangu waombolezaji waondoke, hakuna aliyekuwa amemwitikia ndani ya nyumba ile.

Kesho yake asubuhi walimu wanne walibisha hodi, kila mmoja na kompyuta yake kwapani. Mwalimu mkuu alikuwa amewatangazia kwamba vipindi vyote vitafanyika "kwenye seva, kwa mwalimu wa Jiografia," nao walikuwa watu wa kufuata maelekezo. Mwenye nyumba alijua fika kwamba mtu angeweza kufundisha hata akiwa kitandani kwake. Alifungua mdomo awaambie.

"Karibuni," akasema. "Vueni viatu."

Walipoanza wote sebuleni, maikrofoni zilisikilizana zikapiga yowe. Ikabidi watawanyike. Hisabati alikwenda jikoni, Biolojia chumba cha wageni, Kemia bafuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Historia, aliyekaribia kustaafu, alibaki sebuleni kwenye kiti cha Bwana Nyaya, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu msiba. Hakuuliza. Kiti kililia kama kawaida yake.

Ikawa hivyo kila siku. Mwenye nyumba aliliweka kando birika dogo, akalirudisha lile kubwa la msibani.

Siku shemeji alipokuja kuikagua seva, alisimama mlangoni ametoa macho. Bafuni mtu alikuwa akieleza habari za asidi.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanafundisha."

"Hapa?"

"Seva si iko hapa?"

"Lakini shemeji, seva haihitaji mtu..."

"Kunywa chai, baba."

Alikunywa. Kikombe hakijaisha, akapita Hisabati akichechemea, goti limemvimba kwa kutembea. Shemeji akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, unajitesa bure. Hata nyumbani kwako inafanya kazi."

Kemia akatoa kichwa bafuni.

"Hata kwangu?" Historia aliuliza kutoka kitini.

"Hata kwako."

Jioni hiyo shemeji alizunguka nyumba hadi nyumba, akawajaribishia mmoja mmoja. Kote sauti ilitoka safi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa Jiografia aliteleka birika dogo. Akafungua kompyuta yake. Madarasa yote kwenye seva yalikuwa na wanafunzi, hakuna hata moja lenye mwalimu. Alikuwa bado anayatazama, akapigiwa hodi.

Ni Historia, kompyuta kwapani.

"Kwangu haisikiki."

"Shemeji amesema jana inasikika vizuri sana."

"Jana, ndiyo."

Nyuma yake alikuwa Hisabati, ameegemea nguzo ya geti, na Biolojia amemshikia mkoba.

"Na wewe na goti hilo?"

"Jikoni kwangu hakuna mwanga."

"Na Kemia naye?"

"Anakuja," Biolojia alijibu. "Kapitia dukani kununua sabuni. Anasema ya bafuni kwako imekwisha."

Mwenye nyumba alisogea kando wapite. Historia alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, na kiti kikalia.

"Viatu, jamani," akawakumbusha, akaenda kubadilisha birika.