Komando Asiye na Mikono

Kwa heshima na taadhima, ninautangazia umma wote, waliosimama na waliokaa, ya kwamba mama yangu mzazi, Sajini wa Zimamoto, mbeba ngazi, mvunja milango, mwokozi wa paka na wenye paka, aliwasili bwenini kwetu siku ya kufunga shule ili kunichukua mimi na sanduku langu. Bweni letu liko ghorofa ya tatu. Aliwasili ghorofa ya pili.

Hapo ndipo nilipomkuta, ameketi kwenye ngazi, kofia mkononi, anahema kama mvukuto. Wenzangu walikuwa wanampita kwa adabu, "Shikamoo mama, shikamoo mama," naye anawajibu kwa kuinua kidole kimoja, maana pumzi ya kusema marahaba hakuwa nayo.

"Afande," nikamwambia, "tuwapigie zimamoto waje wakushushe?"

"Tukifika nyumbani," akasema, akavuta pumzi, "nikumbushe," akavuta nyingine, "nikuchape."

Shuleni wananiita Mheshimiwa, kwa sababu ya tabia yangu ya kupanda juu ya meza ya bwalo na kulihutubia taifa kuhusu hali ya mabomba ya bafuni. Basi Mheshimiwa nilicheka njia nzima. Niliacha kucheka pale baba aliponiita dukani kwake.

Baba ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake, na nyuma ya ukuta wake ndiyo sebule yetu. Alikuwa anatia uzi kwenye tundu la sindano, jicho moja limefumbwa.

"Usimtanie mama yako siku hizi," alisema. "Mkuu wa kituo amempa mpaka mwisho wa likizo yenu. Apande mnara wa mazoezi na mpira wa maji begani, afike juu kabla kengele ya pili haijalia. Akishindwa, anabaki kwenye simu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka astaafu."

Mwaka juzi mama aliteleza kwenye ngazi iliyolowa, akavunjika kifundo cha mguu. Mguu ulipona. Lakini alikuwa amepewa kiti cha muda kwenye chumba cha simu, na kile kiti kikamzoea. Kazi yake ikawa kuuliza, "Zimamoto hapa, moto uko wapi?" kisha kusikiliza gari likitoka bila yeye. Baba aliniambia kwamba king'ora kikilia mtaani mama akiwa mezani, kijiko husimama hewani mpaka sauti ipotee kabisa, ndipo chakula kinaendelea na safari.

Nilikwenda kulala nikiwa sina hotuba yoyote.

Dawa ililetwa na mjomba, ambaye ni fundi wa simu na hawezi kuingia nyumba ya mtu bila waya mfukoni. Safari hii alikuja na mashine ya michezo ya video iliyokwisha kuchezwa na mtu mwingine mpaka ikamchosha. Unajifunga pajani mkanda wenye kidude kinachohisi mguu, unashika pete kubwa mikononi, na ndani ya runinga kuna mtu mdogo anayekimbia ukikimbia na kuchuchumaa ukichuchumaa. Mikanda ilikuwa miwili, kwa wachezaji wawili. Pembeni ya runinga husimama kocha, kijana asiye na shingo, kazi yake kupiga makofi.

"Mimi nimewabeba watu wazima ndani ya moshi," mama alisema, "leo niamrishwe na katuni?"

"Dada, jaribu tu," mjomba alisema. "Hii haioni haya wala haisemi kwa watu."

Alijaribu. Mtu wake mdogo alikimbia hadi kwenye mti wa kwanza, akatembea hadi wa pili, kisha akakaa kwenye majani. Kocha akapiga makofi.

"Huyu ananicheka."

"Anakupongeza, Afande," baba alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Lakini kesho yake alijifunga mkanda tena. Tukasogeza makochi. Picha ya harusi ilianguka mara mbili, tukaiacha sakafuni, ikiegemea ukuta, bibi harusi akijitazama alivyokuja kuwa baadaye, anavyoruka ruka na soksi moja imeshuka. Tatizo likaja taratibu. Mchezo ule una ubao wa washindi, na kwenye ubao kulikuwa na jina moja tu: Afande. Kila jioni alikuwa wa kwanza, na kila jioni aliridhika mapema kidogo kuliko jana yake.

"Nimeongoza tena," alisema, anajifuta jasho ambalo, kwa maoni ya kamati yangu, halikutosha kufutwa.

"Umeongoza darasa la mtu mmoja," nikamwambia.

"Wivu."

Siku iliyofuata nilikuwa dukani kwa baba, natafuna uzi na kufikiri, nilipouona mguu wake. Cherehani ya baba ni ya pedali. Baba ana kitambi cha heshima na huketi kutwa, lakini ule mguu chini ya meza haupumziki: chini, juu, chini, juu, kuanzia pindo la kwanza mpaka kitufe cha mwisho. Wazo likanijia na kuketi kichwani bila kubisha hodi.

Mama alikuwa kazini. Nilichukua mkanda wa pili, nikauzungushia mabaki ya kitambaa, nikauingiza mvunguni na kuufunga chini ya pedali.

"Unafanya nini huko chini?" baba aliuliza.

"Nazuia kelele, baba. Pedali inalia sana."

"Mungu akubariki, mwanangu. Imenichosha hiyo."

Na kweli kelele ilipungua, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na manufaa kwa umma. Nikaenda sebuleni, nikaiwasha mashine, nikaandikisha mchezaji mpya kwa jina la Komando, nikaizima runinga ili siri ibaki gizani. Ilikuwa likizo, na wazazi wa mtaa mzima walikuwa wanaleta vitambaa vya sare za shule. Hadi jioni Komando alikuwa amevuka misitu yote, ameruka mito yote, na hajanywa maji.

Mama alirudi, akawasha runinga, akasimama.

"Huyu Komando ni nani?"

"Mashine huwa inaleta wapinzani yenyewe," nilisema, kwa uso wa msoma taarifa ya habari. "Hupima uwezo wa mchezaji, kisha inamtafutia wa kufanana naye."

Mama aliutazama ubao tena. Komando alikuwa mbali sana juu yake. Lakini neno lililomwingia ni lile jingine.

"Wa kufanana na mimi," alisema polepole. Akajifunga mkanda.

Sitaficha kwamba nilikusudia kucheka tu. Nilikuwa nimepanga kucheka siku tatu hivi, kisha nitoe tangazo. Sikupata nafasi. Mama niliyemfahamu, yule wa kuahirisha mambo mpaka yajiahirishe yenyewe, alitoweka. Badala yake akaja mtu anayekwenda kazini kwa miguu, anayechuchumaa huku ameshika simu ya kituo, anayepanda ngazi za sokoni na kushuka na kupanda tena, akiwa hana cha kununua. Jioni sakafu ya sebule ilitetemeka. Alikimbia mpaka akanyamaza, kisha akakimbia akiwa amenyamaza. Siku aliyomkaribia Komando, baba alipokea oda ya sare za kwaya nzima, na Komando akapaa kama amechomwa.

"Huyu mkatili," baba alisema usoni pangu, pini midomoni, mguu unakwenda. "Hana familia huyu?"

Nikatoka nje kwanza.

Jambo moja halikuwa la kuchekesha. Baba aliichukua suruali ya kazi ya mama bila kuambiwa, akaipunguza kiunoni, akairudisha kwenye msumari wake. Mama aliivaa, akapitisha mkono kiunoni. Baba naye akawa anatafuta mkasi ulioko mkononi mwake.

Wiki ya mwisho, sindano ikapita kwenye kidole cha baba. Daktari alimfunga bendeji nene kama kofia ya mpishi, akamkataza kazi. Pedali ikanyamaza. Komando akanyamaza. Jioni ya kwanza mama alimpita. Jioni ya pili akaketi kwenye kochi na mkanda wake mkononi.

"Amekata tamaa," alisema. "Nimemmaliza. Sasa nijitese kwa ajili ya nani?"

"Mtihani, mama. Umebaki kidogo tu."

"Nitapumzisha miguu. Kama nimemshinda Komando, mnara ni nini?"

Nilimtazama alivyonyoosha miguu juu ya meza, vilevile kama mwanzo, na nikaona jinsi kiti kinavyomrudia mtu.

Kesho yake, baba alipokwenda kubadilisha bendeji, niliutoa mkanda mvunguni, nikaufunga kwenye paja langu mwenyewe. Ndugu wananchi, mimi ni mtu wa fikra. Shuleni wakati wa michezo huwa na barua ya tumbo. Nilidhani nitajikongoja dakika chache, Komando afufuke, yaishe. Lakini nilipomwona yule Afande mdogo juu ya ubao, kitu kikanipanda. Nikakimbia. Kocha akaniambia chuchumaa, nikachuchumaa. Akaniambia bana pete, nikaibana. Nilifika mahali nikaiona picha ya harusi ikiwa mbili. Nikaanguka kwenye zulia, na kesho yake, baba alipotoka tena, nikarudia.

Jioni ya siku ile ya kwanza, mama alipowasha runinga alipiga kelele. "Amefufuka! Ananifuata visigino!" Akaitupa mito ya kochi pembeni.

Siku ya mtihani tulisimama nje ya uzio wa kituo, mimi, baba na kidole chake. Mama alitoka na mpira wa maji umezungushwa begani, mzito kama mtu aliyelala. Kengele ya kwanza ikalia, akaingia mlangoni. Mnara ule una dirisha kila ghorofa, na sisi tulikuwa tunahesabu kofia ya njano. Dirisha la kwanza. La pili. La tatu, na hapo kofia ikasimama.

"Twende, mama wa mtoto wangu," baba alinong'ona. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini, juu, chini, juu, kwenye changarawe.

Kofia haikusogea. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa dirisha, niliona mdomo umefunguka. Kisha akatuangalia huku chini, mimi hasa, na naapa kwamba mama yangu, katikati ya mtihani wa maisha yake, alicheka. Kofia ikatoweka. Ikapita dirisha la nne kwa kasi ambayo sikuiona hata kwa Komando siku ya sare za kwaya. Alipotokea juu kabisa na kuutupa mpira chini sakafuni, kengele ya pili ilikuwa bado haijalia. Wazimamoto wenzake walipiga kofia zao ukutani. Baba alilia wazi wazi, akasingizia kidole.

Nyumbani mama hakuvua sare. Alivuta kiti, akaketi mbele yetu kwenye kochi, magoti pamoja.

"Moto haujiwashi," alisema. "Baada ya kuuzima, kazi yetu ni kutafuta ulikoanzia. Mheshimiwa, kaa vizuri."

"Siwezi kukaa vizuri, mama."

"Najua. Tutafika huko." Akamgeukia baba. "Fundi, siku za ibada, duka likiwa limefungwa, Komando alikuwa hakimbii. Ulipopata oda ya kwaya, akawa kichaa. Ulipochomwa sindano, akafa. Na siku zote hizo alikimbia tu, hajawahi kuchuchumaa wala kubana pete hata mara moja. Ana miguu, hana mikono."

Baba alinitazama. Akautazama ukuta wa duka. Taratibu kitambi chake kikajaa fahari.

"Yaani Komando ni mimi?"

"Ni pedali yako."

"Nilikuwa nakushinda, Afande? Wiki zote zile?"

"Nyamaza kwanza, Fundi." Lakini mdomo wake ulikuwa unamsaliti. "Sasa wewe. Juzi Komando akaota mikono. Akachuchumaa. Na leo asubuhi nimemwona mtu anashuka ngazi za mlango wetu kinyumenyume, ameshika ukuta, kama bibi kizee anayeogopa kuku. Nilipofika dirisha la tatu miguu ilikuwa imekataa. Nikachungulia chini, nikamwona mtu huyo huyo anajaribu kuegemea uzio bila kukunja magoti." Akakisogeza kiti mbele. "Haya. Sema."

Za mwizi arobaini. Nilifikiria kusimama na kutoa tamko, ila kusimama kwenyewe kulihitaji msaada.

"Ni mimi," nikasema. "Mkanda niliufunga mimi kwenye pedali, nikucheke. Halafu ulipokaa, nikaogopa, nikakimbia mimi."

"Ulikimbia ili uniamshe."

Hapo ningeweza kuitikia na kubaki mtoto mwema. Baba alikuwa tayari amenishika bega. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa macho yale ya kuuliza moto uko wapi.

"Siku ya kwanza, ndiyo," nikasema. "Siku ya pili nilitaka kukushinda. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, mama, sikubakiza. Na sikukufikia."