Mtetemo wa Mzee Nyamhanga

Mtu asinieleze mimi habari za mzee Nyamhanga. Nimezisikia tangu siku naolewa hapa Butiama, mpaka masikio yamechoka. Baba mkwe wangu huyo sikumkuta, lakini wanamsimuliaga kila siku: mikono inatetemeka, miguu inacheza yenyewe, akiwa nyuma ya ng'ombe wake utadhani yuko ngomani. Mume wangu Ryoba karithi mikono hiyohiyo. Kule Bunda, anakouza saruji na nondo dukani kwa Alawi, wateja wageni wanamwonaga mlevi, na pombe hajawahi kuonja. Nyumbani lakini, mtetemo ni heshima. Ni alama ya mzee.

Mwanangu alizaliwa akihema kwa shida. Kanisani tulimbatiza Gabriel, jina la nyumbani likasubiri. Alipoanza kujaribu kusimama, miguu ikawa inarukaruka, na mama mkwe wangu Yuliana akapiga vigelegele uani. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wanamtajia majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Mama mkwe hakuhangaika na mengine. Alitaja Nyamhanga tu, mtoto akatulia. Majirani wakaja kula, na mimi nikaitwa mama Nyamhanga. Nilifurahi, nisidanganye.

Ila kifua hakikupona. Kila mara nimonia, kila mara sindano, mbavu zinaonekana anavyovuta pumzi. Tena alikuwa mzito, wa baridi, analala tu. Hospitali ya Musoma wakampima damu wakasema tezi ya shingoni haifanyi kazi, wakanipa vidonge. Nilivisaga, nikamnywesha kwa kijiko, na jamani, mtoto akaamka! Akaanza kucheka. Nikasema basi, tumevuka. Kumbe shingo ndiyo ilivuka, kifua kikabaki palepale.

Daktari Safina wa hapohapo hospitali ndiye aliyetia shaka. Alisema tezi, mapafu na miguu, vyote kwa mtoto mmoja, havikukutana kwa bahati. Damu ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi tukaitwa, mimi na Ryoba, na mama mkwe akapanda gari bila kualikwa, maana huyo hazuiliki.

Daktari akaeleza polepole. Kila chembe ya mwili ina maagizo yote ya kujenga mtu, lakini maagizo hayajisomi. Kuna protini inayokwenda kuyaamsha. Ile inayoamsha maagizo ya tezi ndiyo hiyohiyo inayoamsha ya mapafu, na kichwani pia ina kazi katika sehemu inayotuliza miguu na mikono. Mwanetu anayo nusu tu.

Ryoba, mtu wa duka la ujenzi, akaelewa kabla yangu. Akauliza kama ni sawa na saruji ipo, mchanga upo, ila fundi hajaambiwa ajenge. Daktari akasema ndiyo. Kisha akaitazama mikono ya Ryoba juu ya magoti, akasema kasoro hiyo imetoka kwa baba, na huenda kwa babu. Wengine inawagusa kidogo, wengine inawabana.

Mama mkwe akainamisha kichwa. Mimi nikapandwa na hasira, nikamwuliza daktari kwa nini mapafu nayo hayapewi kidonge.

"Tezi tunaisaidia kwa kumpa kile ambacho ingetengeneza, mama Nyamhanga," akasema. "Mapafu hatuna cha kuyapa. Tutampa oksijeni akizidiwa. Zaidi ya hapo sina."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza nguvu. Angenigombeza ningejua pa kushika.

Tulirudi Butiama. Jumapili baada ya misa mtoto akaanza kulia na kukohoa, pua zinatanuka. Mama mkwe akampakata uani, akasema jina lirudi kwa mwenyewe, mzee ametuletea ugonjwa. Akaanza kutaja. Mwikwabe. Stanislausi. Wankyo, ambaye alikuwa mwanamke. Nilitaka kumwambia jina halijengi pafu. Lakini mimi nilikuwa na nini cha kumpa? Akataja wote anaowajua, mtoto analia tu, midomo inapauka.

Ryoba akaingia na mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakujua tulichokuwa tunafanya.

"Nyamhanga," akaita, kama kawaida yake.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akanyoosha mikono kwa baba yake, ile mikono inayocheza, na Ryoba akanyoosha yake, nayo inacheza. Kifua kikaendelea kupanda na kushuka vilevile.

Mama mkwe akanigeukia. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona akilia.

"Sasa tumwiteje," akaniuliza, "mama..." Akakwama hapo, kwa maana hakuwa na jina jingine la kuniita hata mimi.