Vitanda vya Kuazima

Tangu astaafu, mkaguzi alikuwa akijifunza kuamka bila saa, kupalilia maua yake na kuacha kusoma magazeti. Hilo la tatu lilimshinda. Jumanne moja asubuhi alikuwa kibarazani, miwani puani, gazeti mapajani, aliposikia honi getini: mbili fupi, moja ndefu. Moyo ukamruka. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyepiga honi hivyo.

"Hodi kwa wenye ofisi!"

"Karibu, Dereva! Bado hujafa?"

"Nife nimwachie nani maneno yako, dada?"

Dereva ndilo jina walilomwita miaka yote ishirini na sita aliyowaendesha wakaguzi. Sasa mvi zilimfika hadi nyusi, na gari lenyewe lilikuwa la mkwewe. Walikunywa chai, wakaulizana habari za wajukuu, za magoti na za sukari. Halafu, kama ilivyo kwa watu waliokula vumbi pamoja, mazungumzo yakamrudia Bosi, waliyemzika mwaka uliopita.

"Unaikumbuka ile zahanati ya mzee wa viatu?" Dereva aliuliza, na hata hajamaliza mkaguzi alikuwa ameshika mbavu.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, mgeni kazini, sketi imepigwa pasi hadi inataka kusimama yenyewe. Ofisi yao haikuwa chini ya wizara yoyote. Kazi yao ilikuwa kwenda kuona kama kilichoandikwa kimefanyika kweli. Wakubwa waliokaguliwa waliwaita inzi, maana hawatui ila penye kidonda. Bosi alikuwa akicheka tu. "Kidonda hakikuletwa na inzi," alisema.

Ripoti ya mpango wa zahanati ilisema kila moja ina vitanda ishirini. Bosi akasema karatasi haina miguu, wao wanayo, basi wakaenda. Walisafiri tangu alfajiri hadi jua la utosi. Walikuta kuta zinanuka rangi mbichi, vitanda ishirini vimepangwa kama meno, na kila kitanda kina mgonjwa. Mganga wa zahanati aliwatembeza huku jasho likimtiririka. Mkaguzi alimwinamia mzee mmoja aliyejifunika blanketi hadi kidevuni.

"Pole, baba. Unaumwa nini?"

Mzee alimtazama mganga, kisha akamtazama yeye. "Nimeambiwa niumwe tumbo."

Blanketi likateleza. Mzee alikuwa amelala na viatu vyake, kamba zimefungwa barabara, mtu wa safari. Bosi alikohoa ili asicheke. Mkaguzi akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Kwenye ubao, mtu alikuwa amechora kwa ncha ya bikari: *Bado siku 41 niende kwa mama.*

Bikari ni chombo cha mwanafunzi, na shule ya bweni ya wasichana haikuwa mbali. Huko matroni hakusubiri kuulizwa mara mbili. Alifungua bweni, wakaona magodoro yamelazwa sakafuni, safu kwa safu.

"Lori lilikuja juzi," alisema. "Wakaniambia wageni wakishaondoka, vitanda vitarudi."

Mkaguzi alihesabu magodoro, yalikuwa ishirini, akaandika.

Lakini lililomkaa moyoni lilitokea baada ya safari. Mratibu wa mpango ule alikuwa rafiki wa Bosi tangu utotoni, tena ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yake. Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Mlango haukufungwa sawasawa, na mkaguzi, aliyekaa chumba cha nje, akasikia kila neno.

"Ndugu yangu, andika vimechelewa. Neno moja tu. Vitakuja."

"Vikija, nitaandika vimekuja."

"Mimi na wewe tumetoka mbali."

"Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, usije ukalisoma gazetini."

Mratibu aliondoka bila kuaga. Mkaguzi alipoingia na ripoti, alimkuta Bosi ametulia tuli, macho dirishani. Akashindwa kujizuia. "Bosi, umeumia?"

"Nimeumia sana," alisema. "Lete kalamu nisaini."

Ripoti ilisomwa bungeni, Mratibu akaondolewa, na vitanda vya kweli vikapelekwa kabla mwaka haujaisha. Ila marafiki wa Mratibu walikuwa wengi, na tangu hapo Bosi akawa anakula mchana peke yake. Ilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka mkaguzi na Dereva walipobeba sahani zao wakaenda mezani kwake. Hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Alisogeza chumvi tu. Meza ile ndiyo iliyowafanya ndugu.

Chai ilikuwa imepoa. "Twende," mkaguzi alisema ghafla.

"Wapi?"

"Kuiona zahanati yetu."

"Na hayo magoti?"

"Magoti yangu hayaendeshi gari."

Barabara sasa ilikuwa ya lami, na walifika mapema kuliko walivyotarajia. Zahanati ilikuwa imeongezewa vyumba. Akina mama walijaa na watoto wao, na ukuta ulikuwa umechubuka rangi pale migongo ya wanaosubiri ilipoegemea. Nesi kijana aliwatazama juu chini.

"Mmekuja kutibiwa au kumwona mgonjwa?"

Mkaguzi alifungua kinywa ajieleze, akaona hakuna la kueleza. "Tunapita tu, mwanangu."

"Watu wa umri wenu hawapiti hivihivi. Kaeni niwapime presha."

Walikaa kwenye benchi. Mwanamke aliyezoea kuuliza maswali akawa anajibu: amekula nini, amelala saa ngapi, dawa amemeza au ameziacha nyumbani. Amesahau. Akagombezwa, naye akatulia kama mtoto wa shule. Kupitia mlango wa wodi alimwona mama mmoja amelala fofofo, kitoto kichanga kimemlalia kifuani.

"Angekuwepo Bosi," Dereva alisema taratibu.

"Angesema foleni ni ndefu mno."

Mkaguzi alicheka, halafu machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Bibi, presha iko juu, usiniongezee kazi kwa kulia," nesi alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imelainika. Akampa karatasi ya vipimo, akageukia benchi. "Anayefuata!"

Wakasimama, wakashikana mikono kwa ajili ya ngazi za mlangoni, wakampisha mama mwenye mtoto akae.