Vitambaa vya Chemchemi

Filimbi zililia mtaani Mulekera kabla Salima hajamaliza kupepeta maharage. Akaweka ungo chini. Beni nzima inajua maana ya filimbi ya mchana: adui, yaani waasi wa msituni, ameonekana.

Florentine, jirani yake, aliingia bila hodi. "Mama Jamila! Ni wee ulifunga bitambaa ku miti ya chemchemi?"

"Ni siye ba musikiti. Ni harimu. Imamu alisema dini inakataza mutu akate muti ao alime karibu ya maji, juu chemchemi isikauke."

"Harimu yako itabauwa! Batu banasema ni alama ya baasi. Bamemukamata bwana yako, papa Jamila. Beko na mapanga na petroli!"

Salima alitoka mbio, viatu akavisahau. Mwaka huo watu walikuwa wamezika sana, na mwenye kuzika sana hana subira ya kuuliza. Amuri, mumewe, alitaka kupanga mawe kuzunguka chemchemi. Salima ndiye aliyesema vitambaa vitaonekana kwa mbali. Vimeonekana.

Alimkuta amepigishwa magoti kwenye matope ya chemchemi, umati umemzunguka, mche aliokuwa akiupanda ungali mkononi. Askari mmoja, mgeni kutoka Kasaï, alishika bunduki bila kujua amwelekezee nani.

"Alama ya nani hii?" Zorobabel, kijana wa mtaani, alifoka. Alibeba jerikani.

"Ni yangu," Salima alisema. "Nilipasula kikwembe yangu."

"Aa, bibi ya muasi naye huyu!"

Harufu ya petroli ikamjaa puani. Ndipo Florentine alipofika akihema, akajisukuma mpaka mbele na kujipiga kiunoni, juu ya kitenge alichojifunga.

"Muangalie! Kikwembe ya mwezi wa tatu, siku ya bamama, bote tulinunua. Maua ni ile ile ya ku miti. Zorobabel, mama yako aliivaa jana ku misa. Naye ni muasi? Basi, uanze na mie!"

Mtu akacheka, kisha mwingine. Zorobabel alitazama mti, akatazama kiuno cha Florentine. Akaweka jerikani chini.

"Bon," askari alisema. "Kila mutu kwake."

Watu walipotawanyika, Amuri aliupanda mche wake, akaushindilia udongo kwa kisigino. "Tubifungue bitambaa?"

Salima angevifungua vyote, hata kwa meno. "Biache," alisema. "Sasa banajua ni ya nani."

Lakini njia nzima alimshika mumewe shati kwa nyuma, na walipofika nyumbani vidole vilikataa kuachia.