Skuta ya Mpemba

Mguu wa kushoto ulikataa. Faki aliuinua kwa mikono miwili, akauweka juu ya kikanyagio cha gia, akausukuma chini kwa nguvu zake zote, na mguu ukabaki vile vile, umepinda kwa nje, hauna habari na amri ya mwenyewe. Vijana waliokaa kwenye kivuli cha duka walicheka. Amjad, mwenye duka, hakucheka. Mteja ni mteja, hata akiwa kiwete.

"Pikipiki ya gia huiwezi, mzee wangu. Njoo huku nikuonyeshe kitu."

Akampeleka nyuma ya duka penye skuta moja ya rangi ya kibuluu, iliyotumika lakini ikatunzwa. Ilikuwa ya Mwitaliano aliyerudi kwao. Haikuwa na gia za kukanyaga. Mbele ilikuwa na sakafu bapa ya kuwekea miguu, na anayeipanda hukaa kama aliyekaa kitini. Faki akakaa. Mguu ukatua kwenye sakafu ile na kutulia, na moyo nao ukatulia, kwani tangu aanguke mnazini hakupata kukutana na chombo kisichomdai mguu wa pili.

"Yakhe, hii ndiyo," alisema.

"Basi nikuandikie. Lete kitambulisho."

Hapo ndipo biashara ilipokwama, kama ilivyokwama mara zote. Faki alizaliwa Micheweni, Pemba, akaja Mambrui, pwani ya Kenya, akiwa kijana wa kukwea minazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Faki alipewa jembe siku ile ile ya kwanza, wala hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Alikwea minazi ya watu mpaka mnazi mmoja ukamtupa chini. Mfupa ukaungwa vibaya, mwenye shamba akaleta pole na mchele kidogo, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo yeye na mkewe Kaltuma walioka mikate ya boflo, na boflo za Kaltuma zilisifiwa mpaka Malindi mjini.

Lakini sifa haifiki mkahawani kwa miguu. Mkate usipofika kabla ya chai ya asubuhi hauna mnunuzi. Vijana wa bodaboda waliwabeba yeye na makreti yake walipotaka wao, wakatoza walivyotaka wao, na faida yote ikaishia kwenye matangi yao. Mikahawa miwili ilikwisha kumwambia asilete tena. Ukiondoka wa tatu, jiko lingezimwa, na binti yake Mize na wadogo zake wangerudishwa kutoka shule. Faki alilijua hilo vizuri kama alivyolijua jina lake.

"Sina kitambulisho cha huku," alisema. "Nimeomba kibali cha wageni. Bado."

"Bado tangu lini?"

Faki aliufuta usukani wa skuta kwa kiganja. Wapemba wenzake waliozaliwa pwani hii walikuwa wamekwisha kupewa uraia, wakapigwa picha wakivibusu vitambulisho vyao. Yeye alikuja mtu mzima, na Kaltuma vivyo hivyo. Waliambiwa waombe kibali. Wakaomba. Kila aendapo ofisini huambiwa arudi, na akirudi, yule aliyemwambia arudi yuko likizo, au yuko mkutanoni, au amehamishwa. Njoo kesho zilikuwa nyingi hata kesho yenyewe imechoka kungojwa.

"Sikiliza, mzee," Amjad alisema akiipunguza sauti. "Wazungu wenyewe wasio na karatasi hufanya vipi? Huandikisha kwa jina la mtu wa hapa. Mpishi, mlinzi, yeyote. Wewe tafuta mtu wako unayemwamini, uje naye."

Mtu wake alikuwa Kambi. Kambi alikuwa Mgiriama wa Tezo, mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja iliyopakana na jiko la Faki. Kila alfajiri akitoka zamu alikuja kuegemea ukuta wa jiko, akala boflo ya moto, akasengenya matajiri. Alipoelezwa shida ile hakutaka hata kufikiri.

"Musena, rafiki yangu, andika jina langu," alisema. "Limekaa bure hili jina. Halijapata kuandikwa penye kitu chochote cha maana."

Kaltuma hakupenda. Usiku alimwambia mumewe, "Baba Mize, chombo chako kwa jina la mtu?"

"Kambi si mtu. Ni ndugu."

Na kweli alikuwa ndugu. Alikwenda naye dukani, akaandikwa, akakataa hata soda. Tangu siku hiyo Faki alifunga makreti yake nyuma ya skuta, akavuka daraja la Sabaki kabla jua halijachomoza, na mkate ukafika mkahawani bado una joto. Mikahawa miwili ile ilimwita arudi. Kaltuma akaongeza unga.

Siku ya Pasaka, Kambi aliomba apelekwe kwao Tezo kuwasalimu watu wake. Walipoingia uani, ndugu na majirani walitoka kuitazama skuta. Kambi akashuka taratibu, akakipigapiga kiti, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Ndiyo hii niliyoinunua. Na huyu Mpemba ndiye dereva wangu."

Halafu akamtazama Faki, na macho yake yakaomba. Maisha yake yote mtu yule alikuwa amewafungulia wengine mageti waingie na magari yao. Siku moja tu alitaka aingie kwao na chake. Faki akainamisha kichwa mbele ya kaka mkubwa, aliyeitwa Mangi.

"Ndivyo, mzee. Mimi ni dereva wake."

Watu wakashangilia. Wakati wa kuondoka, Kanze, mke wa Kambi, aliyekuwa akilima hapo Tezo, alimfuata Faki kando, akampa kuku mzima aliyefungwa miguu. "Najua chombo ni chako," alimwambia. "Asante kwa kumstahi mume wangu mbele ya watu." Faki na Kambi walicheka njia nzima mpaka Gede.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, Kambi alianguka getini akiwa zamuni, asiinuke tena. Presha, walisema hospitali. Tajiri wake alipiga simu kutoka Ulaya akasema pole.

Faki alioka jiko zima na hakuuza hata mkate mmoja. Aliufunga wote kwenye skuta akaupeleka Tezo, kwenye hanga la msiba, ili waombolezaji wale. Alilia njiani na hakuona haya. Alipofika, Mangi aliyapokea makreti kwa mikono miwili, akamshukuru sana, kisha akauweka mkono wake juu ya usukani.

"Na chombo cha ndugu yangu umekileta. Umefanya vizuri, dereva. Wengine wangetoroka nacho."

Faki alidhani ni mzaha wa msiba. Alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mzee, hii ni yangu. Marehemu alinipa jina lake tu. Yale tuliyosema siku ile yalikuwa mzaha."

"Ulisema hapa hapa, mbele ya watu wote hawa, kwamba wewe ni dereva wake. Siku ile ulikuwa mwongo au u mwongo leo?"

Hilo halikuwa na jibu fupi, na matangani hapana nafasi ya jibu refu. Kusema kweli mbele ya kaburi lililo wazi kungekuwa kumvua nguo Kambi kabla hajafukiwa. Faki alikwenda kuketi na waombolezaji. Baada ya mazishi alipanda skuta akarudi Mambrui, akijiambia watu wakipoa wataelewana. Dua la kuku hilo.

Askari walimsimamisha asubuhi moja akiwa ndiyo kwanza ashuke daraja la Sabaki, makreti yamejaa. Walisoma namba ya skuta, wakasoma simu yao, wakamwambia inatafutwa, iliibwa. Wakamfuata nyuma mpaka kituoni kwa mwendo ule ule wa kwenda sokoni. Alipita mbele ya mkahawa wa kwanza, na mwenye mkahawa, aliyekuwa mlangoni akimngoja, alimpungia mkono asimame. Faki hakuweza kusimama.

Kituoni, Mangi alikuwa amekwisha kuketi. Kanze alikuwa pembeni yake kwenye benchi, kaniki ya ujane begani, macho chini. Nyuma ya kaunta alisimama Sajini Cherop, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akinywa chai.

"Mzee, kuja hapa karibu," alisema. "Hii pikipiki ni ya nani?"

"Ni yangu, afande. Niliinunua kwa jasho langu. Mwenye duka shahidi, Amjad yuko hapa hapa mjini, mpigieni."

"Huyo Amjad nimempigia. Anasema aliandika jina ya Kambi. Mengine hajui."

Faki alihisi kama ameangushwa upya. Alimgeukia Kanze, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

"Shemeji. Wewe wajua. Sema tu unachokijua."

Mangi aliwahi kusema kabla yake. Hakupaza sauti. "Afande, huyu ni mjane wetu. Ni mtu wa kuja katika ukoo, lakini mimi siwezi kumtupa. Nyumba anayolala ni ya ukoo, shamba analolima ni la ukoo. Mimi ndiye nitakayemwangalia yeye na watoto. Mwulize."

"Haya mama," Cherop alisema. "Ulisikia bwanako akisema pikipiki ni ya nani?"

Kanze aliikunja ncha ya kaniki, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilimsikia akiwaambia watu ni yake," alisema.

Na kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Faki alitaka kumkasirikia akashindwa. Hasira ilimpanda kooni ikatafuta wa kumwendea. Mangi hakutosha kuibeba peke yake, na Kambi alikuwa mchangani, maskini wa Mungu, na jina lake la bure.

"Sasa mzee, nisikize vizuri, nakusaidia," Cherop alisema, akakiweka kikombe. "Wewe ni wa Tanzania. Kama hii kitu ni yako, basi unafanya biashara Kenya. Nitauliza kibali. Uko nayo?"

"Nimeomba, afande. Bado sijapewa."

"Huna. Bibi yako?"

Faki hakujibu.

"Hana. Basi hiyo ni kesi ingine, na ni kubwa. Tutakuja huko Mambrui, tuchukue nyinyi wote, mambo ya mpaka wa Lunga Lunga yaanze. Lakini kama pikipiki ni ya marehemu, na wewe ulikuwa unaendesha tu kumsaidia, hakuna makosa hapo. Mwenyewe amekufa, ndugu yake amechukua, wewe unaenda nyumbani. Kwa hivyo nauliza tena. Ni ya nani?"

Nje, mtu alikuwa akifagia. Faki aliusikiliza ufagio ule ukipita mpaka mwisho wa uwanja. Aliwaza Mize, aliyezaliwa Mambrui na asiyejua Pemba iko upande gani. Aliwaza Kaltuma akipandishwa nyuma ya gari la polisi na unga mikononi.

"Ni ya marehemu," alisema.

"Umesema vizuri. Mpe funguo."

Akautoa ufunguo mfukoni, akampa. Mangi aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyoupokea mkate.

Walitoka uwanjani. Mangi alisema Kanze hana pa kukaa, basi Faki akazifungua kamba alizozifunga mwenyewe alfajiri, akashusha makreti moja baada ya jingine, akayapanga chini kando ya ukuta. Mkate ulikuwa umekwisha poa. Mangi akapanda, akatia ufunguo, akabonyeza kidude cha kuwashia. Skuta ikanyamaza. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kwa kidole gumba kisha kwa kiganja. Akateremka, akaizunguka, akapanda tena. Kanze alisimama jua likimpiga utosini.

Cherop alitokeza mlangoni. "Nini tena?"

"Haiwaki, afande. Huyu ameiharibu."

"Wewe mzee, umeifanya nini?"

"Sikuifanya kitu, afande."

"Basi muwashie aende. Hapa si gereji."

Faki alisimama pale alipo. Alijua kwamba akikaa kimya tu, mtu huyu atabonyeza mpaka betri ife, na skuta italala hapo uwanjani, nayo isiwe ya mtu yeyote. Lilikuwa jambo dogo, lakini ndilo pekee lililobaki mkononi mwake, na alitamani sana kulishika. Kisha akaona Cherop bado anamtazama.

Akaenda, akiburuta mguu. Akamshika Mangi mkono wa kushoto, akauweka palipostahili.

"Shika breki kwanza, mzee. Usiiachie. Ukiiachia haiwaki. Haya, sasa bonyeza."

Ikawaka mara moja, kwa sauti yake ile laini. Mangi akacheka kwa furaha. Kanze akapanda kwa ubavu, akatazama upande wa pili wa barabara.

"Tezo ni mbali," Mangi alisema, akitazama mshale wa mafuta asiojua kuusoma. "Mafuta yatatufikisha?"

"Mtafika," Faki alimjibu. "Niliijaza leo alfajiri."