Moja kwa Kiarie, Mbili kwa Odero

Wacha niseme ukweli: ni mimi niliyewaambia watu wa mtaa wetu wa Tena wasiache kupokea simu. Ningejua, ningefunga mdomo wangu.

Chama kilikuwa kimetuahidi mchujo wa kweli, wa foleni na masanduku pale shuleni. Nilikuwa natafuta tiketi ya kuwania uwakilishi wa wadi, na sikuwa na wasiwasi. Ule mtaro wa majitaka ulionuka miaka sita, nani aliufuatilia hadi ukazibuliwa? Si ni mimi, Norah Amondi, na hizi kandambili zangu? Halafu wiki moja kabla ya kura, Sylvance, mratibu wa chama, akatuita ofisini akasema ati masanduku hayaji. Watu watapigiwa simu waulizwe wanamtaka nani.

"Watu gani hao?" nikamuuliza.

"Wananchi, Mama Otiende. Wewe tulia."

Nitulie! Mimi? Nilizunguka mlango kwa mlango nikiwaambia watu: namba ngeni ikipiga, pokea. Basi wakapokea. Walipokea matapeli, wakapokea manabii. Mzee Oketch, jirani yangu, aliongea nusu saa na msichana wa kuuza bima, akimngoja afike kwa mambo ya mchujo. Siku tatu zikapita, na hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa. Nilikuwa nimechemka, hata chai haipiti.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa saluni kwa rafiki yangu Waringa, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Simu yangu ikalia. Namba ngeni.

"Ni wao!" Waringa akainyakua, akaweka spika. Draya ikazimwa. Wanawake wanane wakanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona pale.

Ilikuwa sauti ya mashine. "Habari. Kama mchujo wa wadi yako ungefanyika leo, ungemchagua nani? Kwa Kiarie, bonyeza moja. Kwa Odero, bonyeza mbili."

Tukangoja tatu. Haikuja.

"Na Norah?" Waringa akaifokea simu. "Norah Amondi mmemweka wapi?"

"Jibu lako halijaeleweka. Kwa Kiarie, bonyeza moja."

Saluni nzima ikaanza kuliita jina langu. "Norah! Amondi! Mama Otiende!" Aki walipiga kelele hadi wateja wa kinyozi wa jirani wakaja kuchungulia. Mashine ikasema bado haijaelewa, ikakata.

Nikampigia Sylvance. Mara ya tatu ndipo akapokea.

"Jina langu liko wapi, Sylvance?"

"Orodha ilitoka juu, mama. Na si mlitaka wananchi waulizwe? Wanaulizwa."

Nilitaka kumpa maneno yake, lakini machozi yakanitangulia. Nililia, tena mbele ya watu, kwa hasira tupu. Miaka sita ya kunusa uvundo, na hawakuniachia hata namba ya kubonyezwa.

Kabla sijapangusa uso, nikasikia mtu anakuja mbio nje, viatu vinaburuzika. Ni Mzee Oketch. Alikuwa ameinua simu juu, anatabasamu hadi magego yanaonekana.

"Mama Otiende! Wamenipigia! Kweli wamenipigia!" Akaniletea simu usoni, kidole kiko tayari. "Haraka, niambie kabla haijakata. Wewe ni moja ama mbili?"