Kiwiko cha Kulia

...na kile kiwiko tena, cha kulia, anakitupa nje mara mbili kama mtu anayefukuza kuku mlangoni, bila kugeuka, bila neno, kisha anarudisha mkono kwenye usukani na kuendelea kukanyaga pedali, na mimi nyuma yake nahesabu, hii ni mara ya sita tangu tuuache mji asubuhi, ya sita, na siulizi, siulizi ng'o, maana mtu akiuliza hujibiwa, na jibu nalijua, jibu lina miguu mirefu na miwani ya jua na linaitwa Injinia. Mchumba wake wa zamani. Miaka mitatu walizunguka pamoja kwa baiskeli, milima yote, vumbi lote, mimi wakati huo nakanda unga kwenye duka langu la mikate, sijui hata kama mwanamke huyu yupo duniani, na sasa nimemuoa, mwaka na miezi minne, na hii ni siku ya kwanza ya safari yetu ya siku tisa, yetu, mimi mwenyewe ndiye niliyeitaka, nani alinituma, nilitaka na mimi niwe na barabara zangu na yeye, nikanunua baiskeli, nikanunua kaptula ya kubana inayonifanya nionekane andazi lililofungwa kamba... "...maji?" anapaza sauti, upepo unakula nusu ya maneno, "...kunywa maji!" Nimekunywa, najibu, sijanywa. Mikono ya kukanda unga ninayo, miguu ndiyo sina, na Injinia anajua kuwa sina, leo asubuhi najaza upepo kwenye matairi, simu ya mke wangu ikalia juu ya meza, akasoma, akacheka, akanionyesha mwenyewe, "Safari njema. Mwonee huruma mwokaji wa watu." Mwokaji wa watu! Akanionyesha, hakuficha, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kitu kisichofichwa utakifumania vipi, nikacheka na mimi, nikacheka hadi mbavu zikauma, kijiba cha roho kimenikaa hapa mpaka sasa. Kilomita arobaini na moja. Uwanda mtupu, hakuna mti wala nyumba, upepo unatoka mbele moja kwa moja. Na alama nyingine zote alinifundisha, uani kwetu, akiwa amekaa juu ya ndoo, akawa kama mwalimu wa chekechea, mkono chini ukionyesha lami maana yake shimo, kiganja juu maana yake tunasimama, "Rudia, Bwana Mikate," nikarudia, tukacheka vizuri siku ile, lakini kiwiko hakunifundisha, hapana, kiwiko ni chao wawili, kimemtoka tu, mwili umezoea, anaendesha na amesahau ni nani yuko nyuma yake... Mara sita amemsahau mumewe ndani ya asubuhi moja. Kilomita nane mbele kuna njia panda, na pale kuna kituo cha basi, nimeangalia kwenye ramani, nitasema goti, nimeshaanza kulishika tangu kwenye daraja, naligusa na kukunja uso ili nikisema lisionekane goti la ghafla, tutarudi nyumbani, baiskeli nitamuuzia yeyote, na yeye akitaka barabara amtafute fundi wa barabara, mimi nimechoka kufuata mgongo wa... kiwiko. Cha saba. Na safari hii anageuka. Uso wake! Vumbi limemganda mashavuni, machozi ya upepo yamechora mistari miwili, midomo imekauka hadi imepasuka, sijauona uso huu tangu saa tatu, nilikuwa naona mgongo tu, na mgongo hauchoki. "Wewe vipi lakini? Nakuita uje mbele tangu asubuhi, unataka upepo huu uniue peke yangu?" Unaniita? Unaniita vipi? "Kiwiko! Nikitoa kiwiko maana yake pita, zamu yako, nipumzike nyuma yako! Si nilikufundisha?" Hukunifundisha, nasema. "Nilikufundisha!" Hukunifundisha. Magurudumu yanazunguka, kisha anasema, siyo kwangu hasa, "Sikukufundisha," na anasogea kando, na mimi napita, najikaza kisabuni, napita... na upepo unanipokea kifuani kama mlango uliofungwa. Mama yangu. Huu? Huu ndio amekuwa akiukata tangu saa tatu, na mimi nyuma yake nimekaa raha mustarehe nikifuga hasira, naandaa goti? Mara saba ameomba msaada na mimi nimehesabu, nimehesabu vizuri kabisa, hesabu haikupotea hata moja, aibu inanipanda masikioni, goti langu zima, halijawahi kuwa zima hivi. Ningefurahi. Mtu mwingine angefurahi, hakuna siri, ni alama ya waendesha baiskeli tu. Lakini wivu haujaondoka, umehamia mahali pengine, pabaya zaidi, kwa sababu sasa najua huyo bwana alikuwa anafanya nini kule nyuma, alikuwa anautazama mkono, ukitoka mara moja tu yeye ameshafika mbele, miaka mitatu hakuitwa mara mbili. Miguu yake mirefu achukue. Alijua mke wangu anachoka vipi, mimi sikujua. Nakanyaga. Simwoni tena, nasikia mnyororo wake tu, karibu sana, na pumzi yake inaanza kushuka, na nasema kwa sauti, kwa upepo, bila kugeuka, jina ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele yake, nasema, alama zote ulizokuwa unatumia na Injinia, nifundishe, zote, leo tukifika. Nadhani hakusikia, au amesikia na ameinama, namuomba Mungu awe hakusikia... "Ziko nyingi," anasema. Nyingi. Inauma, inauma palepale, nashusha gia moja na kuinamisha kichwa, nasema, tuna siku nane.